Mkaa unammaliza mnana wa Clarke

Mhariri,

Juzi nikitoka Marafa nimehesabu bodaboda saba zimebeba mkaa, magunia yamefungwa mpaka dereva haonekani kwa nyuma, na mimi nikawa nawaza ile miti ya mirihi ya msitu wa Dakatcha inavyoisha tukiangalia tu. Humo ndimo anamoishi mnana wa Clarke, ndege mdogo, dume kichwa na kifua cheusi kabisa halafu tumbo la manjano linang'aa, na duniani kote hayupo kwingine isipokuwa kaunti yetu hii ya Kilifi, hapo Dakatcha na Arabuko-Sokoke, basi. Miaka na miaka wataalamu walikuwa hawajui anataga wapi, mpaka 2013 viota vikaonekana Dakatcha, vimeshonwa kwenye majani ya kidimbwi cha msimu, na waliokuwepo ni pamoja na vijana wa hapahapa.

Sasa kidimbwi kikilimwa na mirihi ikichomwa huyu ndege aende wapi jamani? Naelewa watu wana njaa, sisemi wakamatwe, lakini kaunti iwatafutie kazi nyingine na hivyo vidimbwi viwekewe ulinzi kabla mvua ijayo haijanyesha.

Msomaji, Malindi