Shifta fupi kwenye gari la spoti: kabla hatujafunga, tuangalie bushi

Mwezi uliopita aliingia gereji kwetu, hapa Ngamiani, Tanga, kijana mwenye Toyota Chaser ya JZX100, ile ya giaboksi ya R154 ya gia tano. Akasalimia vizuri, "Shikamoo fundi," kisha akaweka boksi juu ya meza. Ndani mlikuwa na shifta fupi mpya aliyoagiza kutoka nje, yaani liva ya gia inayofupisha safari ya mkono. Gari lake, akasema, gia ya tatu inamtesa: akitoka ya pili mkono unatangatanga kama anakoroga uji, mara aikose kabisa injini ipige kelele bure. Alitaka tuifunge siku hiyo hiyo, maana Jumamosi walikuwa na safari ya Lushoto, na zile kona za kutoka Mombo kupanda mlimani hazimsubiri mtu anayetafuta gia.

Nilimwomba saa moja tu. Tukang'oa konsoli, tukavua mpira wa vumbi, tukatoa liva. Kwenye giaboksi hizo za Toyota, na kwenye pikapu nyingi za Hilux pia, ncha ya chini ya liva hukaa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, ndiyo bushi yenyewe, kinachotosha kukaa kwenye kiganja cha mtoto. Chake kilitoka vipande vitatu. Kipande kimoja kilikuwa kimeshageuka rangi kikawa kama chai ya maziwa, na upande mmoja umelika hadi unapitisha mwanga. Liva ilikuwa inacheza chuma kwa chuma. Tukaweka kikombe kipya, tukapaka grisi, tukarudisha. Alipozunguka hadi Raskazone na kurudi, boksi lake halikufunguliwa. Alilibeba akaenda nalo nyumbani.

Sisemi shifta fupi ni kitu kibaya. Nasema kila mtu ajue ananunua nini.

Liva ya gia ni kama mtarimbo. Ina egemeo katikati, mkono mrefu juu na mkono mfupi chini. Tuseme juu ya egemeo ni milimita 240 na chini ni 60. Ncha ya chini ikihitaji kusogea milimita 15 ili gia iingie, kitasa juu kitasogea 60. Shifta fupi hurefusha ule mkono wa chini, au huinua egemeo. Ukiufanya wa chini kuwa 80, na wa juu ukabaki 240, kitasa kitasogea milimita 45 tu. Umepunguza robo ya safari ya mkono. Lakini mtarimbo haugawi bure: palipohitaji nguvu ya kilo 3 sasa patahitaji kilo 4. Ndiyo maana mtu akifunga shifta fupi anasema gia zimekuwa "ngumu na za uhakika". Ugumu ni wa kweli. Uhakika unategemea kilichomo chini.

Na chini huko ndiko watu wengi wanakodanganyika. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba ya manjano, mafundi tunaziita sinkronaiza. Kazi yake ni kusugua gia unayoitaka mpaka mwendo wake ulingane na wa shafti, ndipo meno yaingiliane bila kugongana. Ukipanda kutoka ya pili kwenda ya tatu injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, shafti ya kuingilia, ile inayopokea mzunguko wa injini, lazima ipungue kasi hadi pengine 4,200. Hapo kuna kusuguana, na kusuguana kunataka muda. Shifta fupi haiongezi hata chembe ya uwezo wa pete zile. Inachofanya ni kukuwezesha kufika haraka mlangoni, kisha kusukuma mlango ambao haujafunguka. Pete zilizochoka zitakwaruza zaidi, na utasikia "krrr" ambayo zamani hukuisikia.

Kwa gari zima lenye bushi nzima, oili sahihi na klachi inayoachia vizuri, napenda shifta fupi. Kwenye Mazda Roadster inapendeza sana, ila ukifungua pale usisahau kwamba liva inakaa kwenye kisima chenye oili yake, na mpira wa ndani ukiwa umepasuka utasikia joto na mlio wa giaboksi ndani ya gari. Badilisha mpira huo wakati huo huo. Kwenye magari ya gia za nyaya, injini ikiwa imelazwa kimapana mbele, mara nyingi bushi za kwenye ncha za nyaya zikibadilishwa gia hubadilika tabia kabisa, kwa sehemu ndogo ya gharama ya shifta.

Kuna jambo moja ambalo hatufanyi hapa: kukata liva kwa grenda na kuichomelea iwe fupi. Mkono unashuka mbali na usukani, kiungo kile hakina uhakika wa nguvu, na nimeshaona moja ikivunjika mkononi mwa dereva barabara ya Segera, nyuma yake lori la mkonge.

Oili nayo ina neno. Giaboksi nyingi za manyuali hutaka oili ya daraja la GL-4, na baadhi ya oili za GL-5 zina viongezi vya salfa vinavyoweza kula shaba ya zile pete, au kuteleza kiasi kwamba pete hazishiki. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, si chupa iliyobaki dukani. Mafuta ya klachi, ambayo ni yale yale ya breki, hunyonya unyevu wa hewani, na sisi tunaoishi kando ya bahari unyevu tunaupata bila kuutafuta. Silinda ya chini ya klachi, inayosukumwa na mafuta hayo, ikishika kutu klachi haiachii yote, na gia zinakataa hata ukifunga shifta ya namna gani.

Kipimo unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani. Zima injini, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa, kanyaga klachi mpaka chini, rudia. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa imewaka, tatizo liko kwenye klachi. Zikisumbua asubuhi tu na kulainika gari likipata moto, tunaanzia kwenye oili. Liva ikicheza huku na huku hata gia ikiwa imeingia, hapo ni bushi. Kwa hiyo ukija, tafadhali lete gari likiwa baridi, asubuhi mapema, na boksi la shifta liache kwenye buti mpaka tumalize kuangalia.