Mama, padre katukana

Montreal, Jumapili usiku

Mpendwa Stela,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi wazima, ila baridi haijatuacha.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nasema matusi ya huku yamenishinda, nikakukatisha kwa sababu mtoto alikuwa karibu. Sasa amelala, nikueleze.

Wiki yangu ya kwanza kazini, mwenzangu alijigonga kidole kwa nyundo, akapiga kelele: "Tabarnak!" Nikadhani anasali, nusura nifanye ishara ya msalaba. Kumbe hilo ni katika matusi makali kabisa ya Quebec, jimbo letu hili la Kanada linalosema Kifaransa. Ni tabernakulo ileile ya kanisani inamotunzwa Ekaristi, tunayoipigia goti, Stela! Akikasirika zaidi anaongeza "câlice", ndiyo kalisi, kikombe cha divai ya Misa, na "ostie", ndiyo hostia, mkate wa Misa, anazitunga zote tatu kama shanga. Mfaransa wa Paris akisikia hivyo hata hashtuki, na lugha yao ni moja.

Nimelifikiria sana jambo hili. Hapa Kanisa lilishika shule, hospitali, ndoa na uzazi, mpaka miaka ya 1960 serikali ilipoyachukua mengi ya hayo. Mtu aliyebanwa hivyo akitafuta neno la kuuma, analifuata altareni, maana ndiko hofu yake ilikokaa. Yetu imekaa kwingine. Anayetaka kukuumiza kwetu anamtaja mama yako na maumbile yake. Kalisi haimjii kichwani.

Na hata neno la aibu si la aibu kila mahali. "Kunya" huwezi kulitamka mbele ya mkweo, utasema "kwenda haja", ukijisitiri kwa neno la Kiarabu. Lakini unamkumbuka bibi, wageni wamejaa sebuleni, anasema, "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha," na hakuna aliyeinamisha uso. Waingereza nao, baada ya Wanormani kuwatawala mwaka 1066, maneno ya wakubwa ndiyo yakawa ya adabu, na mengi ya kwao wenyewe ya kutaja mwili yakabaki kuonekana machafu.

Yule mwenzangu aliniuliza sisi tunatukanaje. Nikamtajia jepesi, "mbwa wewe". Akatabasamu, akanionyesha picha ya mbwa wake kalala kitandani.

Sasa sikia ya leo. Tumekwenda Misa ya Kifaransa. Padre akataja tabernakulo, kwa matamshi yake kamili ya kanisani. Mwanangu akanivuta mkono, macho yamemtoka: "Mama, padre katukana!" Waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Mimi machozi yalinitoka. Amelijua tusi kabla ya kukijua kitu chenyewe. Ile taa nyekundu inayowaka kando ya tabernakulo hajui inamwakia nani, na kosa ni langu, kwa kuwa nyumbani sijawahi kumweleza.

Watu wa hapa siwalaumu, wana historia yao na Kanisa, na mengine waliyopitia yalikuwa mazito. Ila mwanangu nataka neno hilo alisikie kwanza kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nakuomba, siku ya mazoezi ya kwaya nirekodie ule wimbo wa kuabudu Ekaristi unaotaja tabernakulo. Beti zote, usikate. Simu iweke karibu na sauti ya pili, pale nilipokuwa nasimama mimi.

Wako akupendaye,
Vero