Kula mara sita hakuchomi mafuta zaidi

Ndugu Mhariri,

Ushauri wa kula kidogo kidogo mara sita kwa siku "ili mwili uchome mafuta" unazidi kusambaa, na hesabu yake ina kasoro. Nguvu ya kumeng'enya chakula ni takribani asilimia 10 ya nishati ya chakula chenyewe. Anayekula kalori 2,000 atatumia kama 200, azigawe mara 3 au mara 6.

Kinachobadilika ni hamu ya kula. Grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hutolewa na tumbo na hupanda kabla ya saa ulizozoea kula. Ukizoea kutafuna kitu kila saa 4 asubuhi, njaa itabisha hodi saa hiyo hiyo hata kama ulishiba. Ukibadili ratiba, vumilia siku kadhaa. Wimbi hilo hupanda, kisha hushuka lenyewe.

Wanaoruka mlo nao hukosea wanapofika mezani. Njaa ni kali, sahani inamalizwa kwa dakika 5, ilhali ishara za shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Anza na protini na mboga, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na usiongeze chakula kabla dakika hizo hazijapita.

Tahadhari moja tunaisisitiza sana: mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya salfonilurea (aina ya dawa za kushusha sukari) asiruke mlo kabla ya kupanga dozi na daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, hata kuzirai.