Haikupigwa marufuku kwa sababu ya umaskini

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Die Drei von der Tankstelle, filamu ya vichekesho ya Kijerumani ya mwaka 1930, imeniuma. Mwandishi wenu anasema serikali iliipiga marufuku kwa kuwa ilionyesha watu waliofilisika. Sivyo kabisa.

Mimi natunza wazee hapa Berlin, huu mwaka wa kumi na nne. Kuna bibi mmoja, kila asubuhi nikimfunga vifungo vya sweta huanza kuimba “Ein Freund, ein guter Freund”, wimbo wa filamu hiyo aliofundishwa na mama yake. Ndiye aliyenifanya niitafute. Vijana watatu wanarudi kutoka safari na kukuta samani zao zimebandikwa karatasi ya dalali wa mahakama. Karatasi hiyo Wajerumani huiita Kuckuck, jina la ndege, kwa kumkejeli tai wa serikali aliyekuwa kwenye muhuri. Vijana wanamwimbia dalali awaachie vitu vyao. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwetu Tanga kabati la marehemu mama lilitolewa nje vivyo hivyo, majirani wamejaa mlangoni, na mlango wake mmoja ukawa unapigapiga njia nzima mpaka kwenye gari.

Filamu ilianza kuonyeshwa Berlin tarehe 15 Septemba 1930, siku moja baada ya uchaguzi uliowapandisha Wanazi kutoka viti 12 hadi 107 bungeni. Wajerumani wapatao milioni 3 hawakuwa na kazi. Tangu sheria ya mwaka 1920, kila filamu ilipitia bodi ya ukaguzi kwanza, na hii ilipita, pamoja na ufukara wake wote. Marufuku ilikuja 1937, Wanazi wakiwa madarakani, kwa sababu wengi wa walioitengeneza walikuwa Wayahudi.

Mwongozaji Wilhelm Thiele, mtunzi wa muziki Werner Richard Heymann, mtayarishaji Erich Pommer na mwigizaji Oskar Karlweis, wote walikimbia nchi, wakafika Marekani. Kurt Gerron, aliyeigiza yule wakili mnene Dk. Kalmus, naye alikimbia, lakini hakufika mbali. Wanazi walimuua katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1944.

Makala yenu haikumtaja hata mmoja wao. Naomba toleo lijalo mwachapishe wote watano, kwa herufi kubwa zilezile mlizomchapia Lilian Harvey, nyota wa filamu hiyo.

Msomaji wenu,
Berlin