Taarifa ya mwenyekiti wa chama chetu cha wazee wastaafu wa Tanga kwa mwaka 2024: joto, kivuli na mengine ya barazani

Assalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na wote mnaonizidi umri shikamooni.

Najua taarifa ya mwenyekiti huwa haisomwi, watu wanaruka mpaka kwenye hela. Sasa hela ziko kwa mama mhazini, atazisoma mwenyewe kikaoni na risiti anazo zote kwenye lile faili la kijani. Mimi naongelea tulivyoishi, na hasa miezi ya kaskazi, maana tusidanganyane, mwaka wa mstaafu wa hapa Tanga ni kuanzia Desemba mpaka masika yashuke, hiyo mingine unakula upepo wa kusi unalala vizuri hata mkutano hauitishi.

Mnakumbuka tulivyoanza mwaka, Januari yote na Februari umeme wa mgao nchi nzima, feni ziko darini zinatuangalia tu. Mchana nyuzi 32 mpaka 33, usiku haushuki sana chini ya 24, afu kuna huu unyevu wa bahari ambao ndo wenye kesi yenyewe, jasho linatoka halikauki, linakuganda mwilini na shuka linalowa. Mtu wa Dodoma akisikia 33 anasema mbona kawaida, aje alale Ngamiani nyumba ya bati bila feni siku mbili afu tuongee. Wenye ndugu Lushoto walipotea wote, ukipiga simu unaambiwa huku kuna baridi mzee tumevaa masweta, sawa, na tumewaandika. Februari hiyohiyo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukaanza kutoa umeme na hali ikaenda ikatulia.

Kwenye mgao ndo likaja suala la insulini, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu kaskazi nyingine ndo hii tumo. Tuna wenzetu wa sukari wanaochoma sindano, friji ikizimwa saa nane saa tisa dawa inakaa kwenye joto. Kichupa ukishakifungua kinaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne lakini joto lisipite 30, sasa chumba gani hapa mjini Februari saa nane mchana kiko chini ya 30? Bibi yetu mmoja wa Chumbageni, muuguzi mstaafu, ndo akatuonyesha mtungi. Unachukua mtungi mkubwa wa udongo, unaweka mchanga chini na pembeni, ndani unatia mtungi mdogo, ule mchanga unaulowesha asubuhi na jioni, dawa unaifunga kwenye mfuko usiingie maji unaiweka kwenye ule mdogo na kufunika na kitambaa kibichi, mtungi ukae kivulini penye upepo. Haigeuki friji, ila ukitia mkono unasikia ubaridi. Wanachama kadhaa wakatengeneza na mitungi ilinunuliwa na mfuko wa chama, hiyo hela mtaiona kwenye mahesabu na naomba asiinuke mtu kuuliza mitungi ya nini.

Matembezi ya asubuhi tuliyarudisha nyuma, sasa tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri wenye kuswali wakishatoka msikitini, tunashuka ufukweni Raskazone, saa moja na robo kila mtu kwake. Kulikuwa na malalamiko kwamba siku zingine ufukwe hakuna, maji yamejaa mpaka kwenye mawe na watu walivaa kandambili kabisa wakanyage mchanga. Jamani bahari haina ratiba ya chama. Siku za bamvua (mwezi mpya au mpevu) maji yanajaa alfajiri na yanakupwa saa nne saa tano, jua likiwa limeshakuwa kali, ndo maana mnawaona kina mama wa pweza wanashuka saa hizo na kanga kichwani. Siku za maji mafu (mwezi nusu) ndo alfajiri unapata mchanga mtupu wa kutembea. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo aliyekuta mchanga Jumatatu asishangae kuukosa Ijumaa. Mzee wetu aliyekuwa bandarini amejitolea kuandika kila wiki kwenye ule ubao wa barazani maji yanakupwa saa ngapi, muulizeni yeye, mimi nimechoka kupigiwa simu kuhusu bahari.

Haya, banda. Nilitamani nilipite haraka lakini ndo lililotugombanisha mwaka mzima. Ule mwembe wetu wa barazani mlijua kwamba kivuli chake kinahama, saa nne uko vizuri, ikifika saa nane mnakaa wote mmejibana upande mmoja kama kuku wa mnadani na bao mnalisogeza kila nusu saa. Kikao cha Julai kikakubali tujenge banda. Wengi wakataka bati kwa sababu linadumu, hoja nzuri, na mimi nikasimama nikasema bati la nini, mnatoka chini ya bati nyumbani mje kukaa chini ya bati barazani? Bati likishika jua linashusha joto kichwani mpaka usiku, makuti yanapumua. Ni kweli makuti baada ya miaka mitatu minne mitano inabidi uezeke upya na ni kweli moto ukiyashika ni dakika, kwahiyo anayevuta sigara atavutia nje na jiko la kahawa linakaa mbali. Tulibishana mpaka mtu akasusa mwezi mzima (karudi, na sasa hivi ndo anayewahi kiti cha kwanza). Makuti yakapita. Fundi alitoka upande wa Pangani, akaezeka mwinuko mkali ili maji ya masika yateremke haraka yasiozeshe, na pembeni hatukuziba kitu, upepo wa bahari ukianza saa tano unapita moja kwa moja.

Tangu banda limalizike mwishoni mwa Oktoba barazani hapakauki watu. Asubuhi bao, mchana watu wanalala kwenye mikeka, wengine na redio masikioni, saa kumi muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe vyake na kashata za nazi, jioni karata mpaka adhana ya magharibi. Kina mama waliokuwa hawaji kwa sababu baraza ni ya wanaume sasa wana kona yao, wanasuka ukili, na habari za mji wanazo wao kabla yetu. Samaki pia wanapitishwa hapohapo, kaskazi bahari ikitulia vijana wanatoka mbali wanarudi na nguru na kibua, bei unapatana umekaa. Hayo yote yameletwa na kivuli, hatukuleta mtaalamu wala semina.

Kwenye hili naomba niseme wazi ninachoamini, mkinitoa kwenye uenyekiti mnitoe. Kuna pendekezo la fulana kwa ajili ya Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, na kofia zenye jina la chama. Mimi napinga. Hela hiyohiyo inaweka madumu ya maji barazani na feni moja ya kusimama kwa wenzetu wasio nayo. Sisi tukizeeka kiu inapungua, mwili unaishiwa maji na wewe husikii kitu, na wengi humu tunameza vile vidonge vya presha vinavyotoa maji, unakojoa asubuhi mara nne afu unashinda na kikombe kimoja cha chai. Mwezi Machi mwenzetu wa Sahare, mwalimu, alikutwa kakaa mlangoni anaongea maneno hayaeleweki, majirani wakaanza kusema karogwa, wengine kiharusi. Ilikuwa ni maji tu. Kawekewa dripu, jioni anauliza nani kachukua miwani yake. Anaishi peke yake, watoto wako Dar. Angekaa pale mlangoni mpaka saa ngapi kama yule kijana wa maji asingepita?

Ndo maana tukaanzisha kugongeana. Kila anayeishi peke yake ana mwenzake wa mtaa huohuo, saa tisa alasiri anapita au anapiga simu, umekunywa maji, umekula, dawa umemeza. Wengine wanaona ni umbea. Sawa ni umbea, uendelee. Kwa wenye presha na sukari hizo dawa msiziache wala kuzipunguza wenyewe eti kwa sababu ya joto, mwende mkaongee na daktari. Na madafu wenzangu wa sukari tusifanye kuwa ndo maji ya kunywa, dafu lina sukari yake, ukwaju bila sukari ni bora zaidi ingawa najua sura mtakazokunja.

Ramadhani ya 2024 iliangukia Machi, katikati ya joto, na wazee kadhaa walilazimisha kufunga na dawa wanazo. Mashehe wetu walishasema mgonjwa ana ruhusa. Ya 2025 nayo inaanza mwanzoni mwa Machi, kwahiyo tutawaalika tena waje waseme mbele ya watu wote, labda wakisema wao mtasikia.

Mengine kwa haraka. Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, TMA, wale wa hali ya hewa, walitoa tahadhari pwani yote, vijana wakavuta ngalawa juu, sisi tulibaki ndani na redio na Mungu alitunusuru. Kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, bajeti ya Juni ilipandisha mkupuo (hela ya mara moja anayopewa mstaafu) kutoka asilimia 33 kwenda 40, na barazani palichimbika wiki nzima wakati wengi wetu tulishastaafu zamani haituhusu, na wenzetu waliotoka mashamba ya mkonge ambao hata hiyo pensheni hawana walikaa wanatusikiliza tu. Hilo sikulipenda. Tusiongee hela kana kwamba humu wote tunapokea.

Uhakiki wa kwenye simu. Wale wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mnajua siku hizi unaweza kujihakiki mwenyewe bila kusafiri, simu inataka sura yako. Siku tuliyokaa kusaidiana barazani sitaisahau, mzee wa reli kashika simu ya mjukuu mkono umenyooka, uso unang'aa jasho, simu inakataa, mkewe anamfuta na ncha ya kanga, inakataa tena, mtu anasema vua kofia, mwingine anasema sogea kivulini jua liko nyuma yako, na yeye anafoka kwamba amefanya kazi miaka yote hiyo leo kitu kidogo hivi kinamuuliza kama yupo hai. Aliposogea chini ya makuti ikakubali. Tumepanga vijana wawili wa sekondari, wajukuu zetu, watasaidia kila Jumamosi, nambari ya siri usimpe mtu hata kama ni mjukuu wako.

Na wajukuu wenyewe. Desemba shule zikifungwa wanashushwa stendi na mabegi, watoto wetu wanasema wanakuja kuwaona babu na bibi, kumbe wanakuja kumaliza embe na LUKU. Tunawapenda, waje. Ila wazazi wao watume na hela ya umeme, hili naomba mlipeleke kila mtu kwa mwanawe kama azimio la kikao, mseme mwenyekiti ndo kasema. Na wasiende kuogelea bila mtu mzima, pale Raskazone maji yakijaa kina kinabadilika ghafla.

Tuliowazika mwaka 2024 majina yatasomwa kikaoni, tutawasomea dua na padri atakuwepo. Nashukuru mliokwenda kuchimba kaburi mchana wa Februari na umri huo, ila kuanzia sasa mazishi ya mchana wazee wabebe miavuli na wakae kivulini, kuchimba tuwaachie vijana, aibu hakuna.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya Januari 2025 chini ya banda. Agenda ni mahesabu, hilo la fulana tupige kura liishe, na uchaguzi wa katibu kwa sababu aliyepo amehamia kwa mwanawe Moshi na hana mpango wa kurudi mpaka masika. Tunaanza saa moja asubuhi, saa tatu na nusu tumemaliza, atakayekuja saa tatu atakuta chai imekwisha. Ambao hawajalipa ada ya Novemba na Desemba mhazini atakaa pale kwenye nguzo ya kwanza kulia, mnamjua, hawapiti.