Ziara ya magofu ipangwe kama somo

Mhariri,

Kila likizo inapokaribia, kurasa za safari hujaa orodha za maeneo ya kale ya kutembelea na watoto. Mimi nawasomesha wangu nyumbani, na kwa maoni yangu orodha hizo hazitufai sana sisi tulio katika utaratibu huu. Zinahesabu vitu vya kuona, ilhali mwenye darasa anahitaji swali la kujibu. Swali likishapatikana, hata mahali pa kwenda panajichagua penyewe.

Chukulia Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Kuna msikiti mkuu, kasri, visima virefu na nyumba nyingi. Mpitishe mtoto kote humo kwa mpigo, na jioni atakachokumbuka ni tumbili. Sasa mpeleke kwenye kaburi moja tu, lile lenye tarehe. Limeandikwa mwaka wa Hijria 802, ambao ni 1399 Miladia. Mtoto anayejua kwamba Hijra ilikuwa mwaka 622 atajumlisha upesi na kupata 1424. Imezidi miaka 25! Mwache ahangaike nayo kidogo. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, yaani unapungukiwa na siku kama 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua, na upungufu huo ukijikusanya kwa karne nane unafika karibu miaka 24. Huo mmoja uliobaki unatokana na kalenda kuanza na mwaka wa 1 badala ya sifuri, na ni vizuri mtoto mkubwa aachiwe autafute mwenyewe. Hapo umefundisha historia, hesabu na mwenendo wa mwezi mbele ya jiwe moja.

Mdogo asiyeweza hesabu hiyo apewe daftari na penseli achore. Asiyetazama hawezi kuchora, ndiyo maana naipenda kazi hii kuliko zile karatasi za kujaza nafasi. Nimewaona watoto wakiinama kutafuta jibu kwenye kibao cha maelezo, wakaandika mwaka, wakaondoka bila kuuangalia ukuta wenyewe.

Kila mahali pana swali lake. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, inauliza kwa nini pembe za ngome zichomoze vile enzi za mizinga. Great Zimbabwe ina kuta zinazofika mita 11 kwenda juu, mawe yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashika. Zimesimamaje karne zote hizo? Mtoto akijaribu kupanga vijiwe nyumbani kabla ya safari, atafika pale tayari ana ubishi wake.

Maandalizi mengine ni mepesi. Piga simu mapema uulize kama sehemu unayoitaka imefungwa kwa ukarabati. Fikeni mlango unapofunguliwa, jua halijakolea na mabasi hayajaja. Mwongozaji aambiwe swali lenu kabla hajaanza maelezo yake ya kila siku. Wengi hufurahi kuulizwa jambo jipya. Na swali likijibiwa, ondokeni, hata kama nusu ya eneo hamjaiona. Najua inauma ukishalipa kiingilio, lakini mtoto aliyechoka hafundishiki.

Hapo kwenye kiingilio ndipo penye kero. Maeneo mengi hutoza wanafunzi nafuu wanapokuja na shule yao, ila familia inayosomesha nyumbani inahesabiwa kuwa watalii. Mahali fulani niliambiwa nilete barua ya mkuu wa shule yenye muhuri. Mkuu wa shule ni mimi, na muhuri sina. Tukalipa kama wageni wengine, na chumba cha kufundishia, chenye vigae ambavyo wanafunzi huruhusiwa kuvishika, tukakipita kimefungwa.

Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972, kifungu cha 27, unazitaka nchi wanachama zijitahidi, hasa kwa programu za elimu, kuimarisha uthamini na heshima ya wananchi wao kwa urithi huo. Umesema wananchi, haukusema shule. Wasimamizi wa maeneo haya wakihofia kudanganywa, hofu hiyo ina haki, na dawa yake haina gharama kubwa: wapokee andalio la somo lililotiwa saini na mzazi, waruhusu familia kadhaa zijiunge ili zitimize idadi ya kundi, na watutengee asubuhi moja ya katikati ya juma, ambapo wageni huwa wachache, chumba hicho cha vigae kikiwa wazi.

Mzazi anayesomesha nyumbani