Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka ngoma "safi"

Mpwa wangu,

Habari zimenifikia kwamba kikundi chenu kinataka kuziacha ngoma zote "zisizo zetu", eti mnalinda utambulisho. Ningekupigia simu, lakini najua wako vijana wengine wanaocheza wenye mawazo kama yako, kwa hiyo nakujibu hadharani. Usininunie.

Kuna pale mlipo sawa. Ngoma humfunza mtu yeye ni nani kabla hata hajafundishwa kwa maneno: nani atangulie, nani asimame na nani, macho yatazame wapi, kiuno kikatwe kwa kiasi gani na mbele ya nani. Ndiyo maana wenye mamlaka huziogopa. Kule Hawaii, Malkia Kaʻahumanu, akiwa ameshapokea Ukristo, alipiga marufuku hula, ngoma ya asili ya huko, isichezwe hadharani mwaka 1830. Mfalme Kalākaua akairudisha kwa fahari katika sherehe za kuvikwa taji mwaka 1883. Brazil nayo iliiweka capoeira, mchezo wa mapigano unaochezwa kama ngoma, katika sheria ya jinai ya mwaka 1890, mchezaji akawa mhalifu. Hakuna anayehangaika kukataza kitu kisicho na nguvu.

Ninapoachana nanyi ni pale mnapodhani nguvu hiyo hutoka kwa watu waliojifungia peke yao. Tango, ile dansi ya wawili wawili, ilikulia Buenos Aires na Montevideo mwishoni mwa karne ya 19, katika mitaa ya makabwela walikobanana wahamiaji kutoka Ulaya, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa, na wazawa wa huko. Matajiri wa Buenos Aires waliibeza mpaka Paris ilipoishangilia, ndipo wakakumbuka kwamba ni yao. Rumba ndiyo ya ajabu zaidi. Watu wa Kongo walivushwa bahari kwa minyororo hadi Cuba wakiwa na midundo yao. Vizazi vikapita, santuri za Cuba zikafika kwenye kingo mbili za mto Kongo, na vijana wa huko wakazipokea kama mgeni anayejua njia ya jikoni. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kwa ombi la nchi zote mbili za mto huo. Sasa nieleze, ukiamua kuisafisha rumba utaanza kutoa nini?

Hilo neno kusafisha ndilo linalonikosesha usingizi, na mfano wake uko India. Kusini mwa nchi hiyo, ngoma inayoitwa leo bharatanatyam ilitunzwa kwa karne nyingi na devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, pamoja na koo za walimu na wapiga muziki wao. Wanamageuzi wakawapachika sifa ya ukahaba, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wakfu. Lakini ngoma yenyewe haikutupwa. Ilihamia majukwaani na kwa familia za tabaka la juu. Rukmini Devi Arundale, aliyeanzisha chuo cha Kalakshetra mwaka 1936, aliipunguza mahaba aliyoyaona hayana staha. Balasaraswati, aliyezaliwa katika ukoo wa wachezaji hao, alimpinga waziwazi: kwake mapenzi hayo ndiyo kiini cha ngoma, na hayakuwa na uchafu wowote wa kuondolewa. Simnyimi Rukmini Devi haki yake, maana bila yeye huenda ngoma hiyo isingeheshimika ilivyo leo. Ila taifa lilipata fahari, na wengi wa wale walioibeba wakabaki nje ya ukumbi. Tangu nilipoijua historia hiyo, mtu akiniambia ngoma isafishwe, huuliza kwanza ni nani anayetolewa.

Kwenu anayetolewa ni jirani. Msichana aliyejiunga na kikundi kwa sababu mlicheza ngoma ya bibi yake atafanya nini mkishaifuta? Atakuja kupiga makofi tu?

Sisemi mchukue kila kitu. Ziko ngoma za jando, za unyago, za ibada na za maziko ambazo wenyewe hawataki zichezwe jukwaani, na wakikataa, imekwisha, hata kama tayari mmeshona mavazi. Hizo nyingine, mwiteni mwalimu kutoka kwa watu wenyewe, mlipeni kama mnavyomlipa mpiga picha, na jina la walikotoka litajwe kabla ngoma haijapigwa. Akisema mguu unakanyagwa hivi na si vile, msimbishie kwa kuwa vile kunapendeza kwenye video. Mkiongeza hatua zenu, nanyi mtaongeza tu maana mna damu changa, semeni kwamba hizo ni zenu.

Kabla ya kikao chenu kijacho, waulizeni wazee wenu ile ngoma mnayoiita yetu kabisa waliipata kwa nani. Nina hamu ya kusikia majibu.

Mjomba wako